Baridi Imekwisha: Familia Itoke, Ipande Kilima

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu hatuelezi ugonjwa mmoja. Tunazungumzia miguu, mapafu na moyo, na namna familia nzima, kuanzia bibi hadi mtoto wa mgongoni, inavyoweza kuviamsha viungo hivyo baada ya miezi ya baridi kwa kufanya matembezi ya kwanza ya kilimani.

Sisi tunaoishi nyanda za juu za kusini, kuanzia Mufindi hadi Njombe, Makete na Ludewa, tunajua maana ya baridi. Wapo wenzetu wa Pwani wanaodhani baridi iko Ulaya tu. Lakini uwanda wa Kitulo uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, na hata mji wa Njombe unakaribia mita 2,000. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopoa: kwa kila mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mwezi Juni na Julai tunaamka na kukuta sakitu imelala juu ya majani, na mashamba ya viazi yameungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Miezi hiyo tunajifungia ndani. Mwezi Septemba jua linarudi, nyasi zilizokauka zinaanza kuchipua, na watoto wanavua masweta kabla ya saa nne. Huo ndio wakati wa kutoka.

BARIDI INATUACHIA NINI?

Katika miezi ya kipupwe mwili hukaa. Tunakunja miguu pembeni mwa moto, tunakula makande na viazi, tunajifunika. Kwa kijana hilo si neno. Lakini mzee akikaa wiki nyingi bila kutembea, misuli ya mapaja hulegea, magoti hukakamaa, na siku anapoamka kwenda chooni anayumba na kuanguka. Wazee wengi waliovunjika nyonga hawakuanguka mlimani; walianguka nyumbani.

Baridi pia huifanya mishipa ya damu ijikaze, na kwa hiyo shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, huelekea kupanda. Kwa bahati mbaya ndiyo miezi ambayo wagonjwa wa presha huacha kuja kliniki, wakisema kuna ukungu, njia ni mbali, na tena hawasikii maumivu yoyote. Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa nayo ya juu sana na akala vizuri na kucheka.

Jambo la tatu ni jiko la mkaa. Tumelisema mara nyingi na tutalisema tena: mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala usingizi ambao pengine hataamka. Mtu asilale na jiko ndani, hata kama mkaa umeanza kufunikwa na majivu. Nao moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha huudhi mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Baada ya miezi mitatu ya moshi, mapafu yanastahili kupewa hewa safi.

KWA NINI KUTEMBEA, NA KWA NINI PAMOJA?

Msomaji mmoja atatuuliza: "Sisi ni wakulima, tunatembea kila siku. Mnatufundisha nini?" Anayelima kwa jembe la mkono tangu asubuhi hana haja ya kufundishwa mazoezi. Lakini tujitazame vizuri. Mwalimu, karani, mwenye duka na fundi cherehani hukaa kutwa nzima. Siku hizi hata safari ya kwenda kigangoni tunapanda bodaboda. Mkulima mwenyewe baada ya mavuno hupumzika, halafu mvua za Novemba zikianza anakamata jembe kwa nguvu zote siku ya kwanza, na siku ya pili mgongo haunyanyuki. Matembezi ya Septemba na Oktoba humtayarisha kwa kazi ya shamba.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki, yaani kama nusu saa kwa siku tano, na kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Kutembea huko husaidia kushusha presha, husaidia sukari ya damu isipande, huimarisha mifupa na huleta usingizi mzuri. Wala hakuna ada ya kulipa.

Kanisa nalo si geni kwa habari ya milima. Bikira Maria, akiwa amekwisha kupata mimba, alisafiri hadi nchi ya milima kumtembelea Elizabeti. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea Tanzania mwezi Septemba 1990 na kufika hadi Songea, alipokuwa padre kijana huko Poland alizoea kwenda milimani pamoja na vijana na wanandoa, wakitembea, wakisali na kuzungumza. Alijua kwamba njiani watu huambiana mambo ambayo nyumbani hawaambiani. Nasi tumeona hivyo: baba na kijana wake ambao mezani hawasemeshani, wakipanda pamoja kwa saa moja, mmoja ataanza kusema.

FAMILIA MOJA TULIYOFUATANA NAYO

Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba, sisi wauguzi wawili tulifuatana na familia moja ya parokia yetu. Wameturuhusu kueleza habari zao bila kutaja majina, wakitumaini kwamba zitawafaa wengine.

Walituomba twende nao kwa sababu ya bibi. Mwezi Julai alilazwa kwa kichomi, na tangu arudi nyumbani hakuwa amevuka ua. Yeye mwenyewe alitaka kutoka, mwanawe aliogopa. Tulikuwa watu tisa: bibi na fimbo yake, baba mwenye nyumba, mama, binti wa miaka kumi na mitano mwenye pumu, wavulana wawili, mtoto mchanga katika mbeleko, na sisi wawili. Kilima chenyewe mtu mwenye nguvu hukipanda kwa saa moja na nusu.

Wiki mbili kabla ya safari tulimpa bibi kazi: siku ya kwanza atembee hadi kwa jirani na kurudi, siku ya tatu hadi kisimani, wiki ya pili hadi njia panda. Binti tulimwelekeza abebe dawa yake ya kuvuta katika mfuko wa sweta, si katika kikapu cha mama. Watoto tuliwakagua viatu. Baba hatukumkagua. Ana miaka hamsini na miwili, ni mtu wa nguvu, na alipoulizwa hali yake alisema ni mzima kabisa.

Tulianza saa mbili asubuhi, baada ya sala fupi. Bibi alikwenda mwendo wake, akisimama kila alipotaka, akiwaonyesha wajukuu majani ambayo zamani walichuma mboga. Baada ya dakika arobaini tulifika kwenye kivuli cha miwati. Akatandika kitenge, akaketi, akasema, "Hapa ndipo kileleni kwangu. Nyinyi nendeni, nitawangoja." Binti akabaki naye. Tukafurahi, tukidhani shida ya siku hiyo imekwisha.

Baba alikuwa ametangulia, mtoto wa miaka minne akiwa mabegani mwake. Njia ilipoanza kusimama, mama alimwita kumwuliza kama alifunga zizi la mbuzi. Hakujibu. Alinyanyua mkono tu. Mama akatuambia kwa sauti ya chini, "Si kawaida yake, huyu hujibu." Tulipomfikia alikuwa anatoka jasho jingi ingawa upepo ulikuwa wa baridi, na kiganja chake kilikuwa kifuani.

"Pamebana kidogo tu," alisema. "Ni upepo."

"Baba, keti kwanza," tulimwambia. "Upepo tutauzungumzia baadaye."

Tulimshusha mtoto, tukamketisha ameegemea jiwe, tukamfungua vifungo vya shingoni. Baada ya dakika kama saba kifua kikaachia. Kilele kilikuwa kinaonekana, pengine dakika ishirini mbele, na wavulana walianza kulia walipoona tunageuka. Baba mwenyewe aliona haya. "Nendeni na watoto, mimi nitakaa hapa." Mama hakuinua sauti. Alimjibu, "Tumetoka pamoja, tutarudi pamoja. Mlima hauhami."

Tuliteremka polepole, mmoja wetu akapiga simu, na gari likatupokea barabarani. Hospitalini presha yake ilikuwa 182 juu ya 108. Daktari alimpima umeme wa moyo, akamshukuru Mungu kwamba moyo ulikuwa haujapata shambulio, akamlaza usiku ule. Ndipo baba alipoeleza. Alikuwa na vidonge vya presha tangu mwaka uliopita. Vilipokwisha mwezi Juni, kwenye baridi kali, hakwenda kuchukua vingine, kwa kuwa hakusikia lolote. Hata mama hakujua.

Sasa anameza dawa zake kila siku, na daktari amempangia kwenda hospitali ya rufaa kupimwa moyo zaidi. Mlima bado hajaruhusiwa. Ameruhusiwa kutembea tambarare dakika ishirini kila jioni, na anayemwekea mwendo ni bibi mwenye fimbo.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, kila mmoja wetu alimtazama mgonjwa anayejulikana, na hatari ikawa kwa aliyesema ni mzima. Pili, aliyeiona dalili ya kwanza hakuwa muuguzi, alikuwa mke anayejua sauti ya mumewe. Tatu, kama wangeona aibu kurudi, pengine tungekuwa tunaandika habari nyingine.

MATAYARISHO

1. Pimeni presha kabla. Kila mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi apimwe zahanati wiki moja kabla ya safari. Ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, azungumze na mganga. Mwenye dawa asiruke hata siku moja, pamoja na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Matembezi hayamzuii mtu kumeza dawa, wala dawa hazimzuii kutembea.

2. Anzeni kidogo. Wiki mbili za kutembea tambarare, dakika kumi, kisha ishirini, kisha thelathini. Ndipo kilima.

3. Viatu vilivyokwisha kuzoeleka. Raba kuukuu yenye soli nzima ni bora kuliko kiatu kipya cha Krismasi. Kandambili hazifai kwenye mteremko. Vaeni soksi kavu, na kateni kucha.

4. Nguo za tabaka. Shati, sweta, na koti jepesi la mvua. Mtu akipata joto avue moja, akisimama kupumzika avae tena. Mtoto wa mgongoni hatembei, kwa hiyo mama akitoka jasho mtoto anaweza kuwa anapoa. Mguseni kifuani na shingoni mara kwa mara.

5. Kofia. Baridi isitudanganye; juu milimani jua huunguza zaidi kuliko bondeni. Ndugu zetu wenye ualbino wavae kofia pana na mikono mirefu, na wapake mafuta ya kuzuia jua.

6. Maji na chakula. Maji yaliyochemshwa, angalau lita moja kwa kila mtu mzima. Huku kwetu juu maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa hiyo yaacheni yatokote kwa dakika tatu kamili. Bebeni viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi, na chupa ya chai yenye sukari. Komoni na pombe nyingine zibaki nyumbani. Pombe humfanya mtu ajisikie joto huku mwili unapoteza joto.

7. Mwambieni mtu. Jirani au mwenyekiti wa jumuiya ajue mnapita njia ipi na mtarudi saa ngapi.

NJIANI

Mwendo wa familia ni mwendo wa aliye mnyonge kuliko wote. Yeye atangulie, wenye nguvu wafuate. Kipimo cha mwendo ni mdomo. Mkiweza kuzungumza bila kuhema, mwendo ni mzuri. Mkiweza hata kuimba, mnaweza kuongeza kidogo. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Pumzikeni dakika tano kila baada ya nusu saa. Mwezi huu wa Rozari Takatifu wapo wanaosali fungu moja katika kila kituo, na ni desturi njema, kwa kuwa inawapumzisha watu bila mtu kuonekana kuwa ndiye aliyechoka.

Anzeni mapema ili mwe mmerudi kabla ya alasiri. Kuanzia Novemba, ngurumo hutokea zaidi mchana na jioni. Mkisikia radi, teremkeni kutoka kwenye mgongo wa kilima, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Wafundisheni watoto kutazama maua bila kuyang'oa. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ambayo hufunguka kwa wingi mvua zikianza hadi mwezi Aprili. Baadhi ya mimea hiyo imekuwa ikichimbwa mizizi yake kwa ajili ya kuuzwa Zambia, ambako hutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, hata sehemu nyingine ikapungua sana.

SIMAMENI, RUDINI

Msiendelee kupanda mtu akiwa na moja ya dalili hizi:
- Kifua kubana au kuuma, hasa maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani.
- Kuhema kusikotulia baada ya kupumzika, au kifua kupiga filimbi.
- Kizunguzungu, kuzirai, au kuongea maneno yasiyoeleweka.
- Mdomo kupinda, au mkono na mguu wa upande mmoja kuisha nguvu.
- Mtoto aliyelowa na anayetetemeka, au aliyekuwa akitetemeka akanyamaza na kusinzia.

Dalili za kifua, za mdomo kupinda na za mtu kuzirai zinataka hospitali siku hiyo hiyo, hata kama zimetulia.

HUDUMA YA KWANZA

Malengelenge ya miguu: Msiyapasue. Funikeni kwa plasta au kitambaa safi.

Kifundo kuteguka: Mpumzisheni, wekeni kitambaa cha maji baridi, fungeni kwa bendeji isiyobana sana, inueni mguu. Akishindwa kukanyaga hatua nne, apelekwe kupigwa picha. Msimpeleke kwa mtu wa kuvuta na kukanda kabla haijajulikana kama mfupa ni mzima.

Pumu: Aketi wima, avute dawa yake, atulizwe. Isipoachia, mpelekeni hospitali.

Mwenye kisukari anayetetemeka, anayetoka jasho na kusikia njaa ghafla: Kama anameza vizuri, mpeni mara moja soda au maji yenye sukari, kisha chakula. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Baridi kupenya mwilini: Mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mkumbatieni, mpeni chai ya moto yenye sukari kama yu macho.

Kuumwa na nyoka: Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mvueni pete na bangili, mtulizeni, fungeni kiungo kwa kijiti kisicheze, mbebeni asitembee, mfikisheni hospitali haraka. Msipoteze muda kumtafuta nyoka.

Kuharisha: Maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo.

MWISHO

Wapenzi wazazi, si lazima muwe na kilima kirefu. Njia ya kwenda kumsalimia shangazi wa ng'ambo ya bonde yatosha. Wiki hii fanyeni mambo mawili. La kwanza, muulizaneni nyumbani, baba amwulize mama na mama amwulize baba: "Vidonge vyako vimebaki vingapi?" La pili, chagueni Jumamosi moja kabla ya mvua. Kliniki ya presha na kisukari iko wazi, na kupima presha ni dakika chache tu. Njooni, tutawapokea.

Mungu awabariki, na Mama Maria awasindikize njiani.